Oveni ya kwenye kabati inapitiliza joto: nimeweka 180, inaunguza kama tanuri. Mafundi na waokaji nisaidieni

Mwokaji wa Mwanga, Jumatatu saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, maeneo ya Mwanga. Kazi yangu ni kuoka: keki za harusi na kipaimara, na skonsi za alfajiri kwa mama wawili wanaouza chai karibu na stesheni. Oveni yangu ni ya umeme, ile ya kupachika ndani ya kabati la jikoni, niliinunua ikiwa imetumika. Ina nobu mbili za kuzungusha, moja ya kuchagua koili (ya juu, ya chini, au ya mviringo iliyo nyuma na feni) na nyingine ya joto. Haina saa wala kioo cha kubonyeza.

Wiki ya tatu sasa naweka nyuzi 180, na keki inayotaka dakika 45 inakuwa nyeusi juu kabla hata ya dakika 20. Inapasuka kama kichuguu, ukichoma kijiti katikati kinatoka na uji. Jumamosi nimepoteza keki ya harusi, ngazi zote tatu. Nimerudisha pesa ya watu saa nne asubuhi na harusi ni jioni. Sijui kama yule mama mzazi wa bibi harusi atanisamehe.

Halafu nobu zenyewe zinakuwa za moto mpaka nizishike kwa kitambaa, ukingo wa kabati kwa juu umeanza kubanduka, na juzi nimesikia harufu kama ya plastiki inayoungua.

Historia yake ni hii. Miezi miwili iliyopita ilikuwa na shida ya kinyume: ikifika kama nusu saa inazima yenyewe, ikipoa inawaka tena. Nikaita fundi, akaichomoa kwenye kabati, akashughulika nayo kama saa nzima, akasema imepona. Kweli haikuzima tena, ila baada ya hapo ndipo ilianza kuunguza. Nimemrudia, anasema koili imekufa ninunue mpya. Hapa Kigoma sijaiona, mpaka iagizwe Dar. Ninunue?

Bi Mkubwa wa Ujiji, Jumatatu saa 3:05 usiku

Pole sana mwanangu. Ya kwangu iliwahi kufanya hivyo, nikawa naweka 120 kila kitu, nikazoea. Funika keki kwa foili ikishapata rangi. Lakini harufu ya plastiki usiichukulie poa, una watoto ndani ya nyumba.

Fundi wa Gungu, Jumatatu saa 3:30 usiku

Dada, usinunue koili. Koili iliyokufa haitoi moto, na iliyokufa nusu inatoa moto pungufu. Yako inatoa moto kupita kiasi, maana yake koili inafanya kazi vizuri na kuna kitu kimeshindwa kuiambia "basi, imetosha". Kwanza kabisa zima oveni hiyo, usioke kitu mpaka tujue hiyo harufu inatoka wapi.

Watu wanaposema oveni inapitiliza joto wanachanganya mambo mawili. La kwanza ni joto la ndani, pale keki ilipo: hilo linatawaliwa na themostati, ile swichi inayokata koili joto likifika, au sensa na bodi ya umeme kwa oveni za kidijitali. La pili ni joto la nje ya tumbo la oveni, kwenye nobu, nyaya na mbao za kabati: hilo linatawaliwa na feni ndogo ya kupozea iliyo juu, mpira wa mlango, na upenyo wa hewa ndani ya kabati. Wewe una yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana nataka nikuulize kabla sijasema lolote.

Kile kitaa cha rangi ya chungwa karibu na nobu ya joto, kinazimika na kuwaka katikati ya kuoka au kinabaki kimewaka tu? Ukirudisha nobu ya joto peke yake sifuri, oveni inaanza kupoa au inaendelea kuchemka? Ukiweka mkono kwenye ule mwanya kati ya mlango na paneli ya nobu, unasikia upepo? Na plagi yake iko wapi?

Kijana wa Kibirizi, Jumatatu saa 3:52 usiku

Si umeme tu huo mkubwa? Huku kwetu usiku taa zinang'aa mpaka unaona aibu kuzitazama. TANESCO wakipandisha volti lazima oveni iungue.

Fundi wa Gungu, Jumatatu saa 4:10 usiku

Mdogo wangu, umeme mkubwa unaua vitu vingi lakini hili halihusiki. Nguvu ya koili inapanda kwa mraba wa volti: koili ya wati 2,000 kwenye volti 230, ukiipa 250 itatoa karibu wati 2,360. Hilo litaifanya oveni ifike 180 mapema zaidi. Ikishafika, themostati nzima itakata vilevile, iwe imefika kwa dakika kumi au kumi na tatu. Umeme wa kuruka-ruka unaweza kuchoma midomo ya swichi ndani ya themostati ikagandana, hiyo naikubali, na inapimika.

Mwokaji wa Mwanga, Jumanne saa 12:20 asubuhi

Ahsante kaka, na shikamoo mama wa Ujiji.

Jana usiku nilikuwa nimeshaizima, nikaiwasha dakika chache kuangalia ulivyoniuliza, nimesimama hapo hapo. Kitaa cha chungwa kinawaka tangu mwanzo na hakizimiki kabisa. Nikirudisha sifuri kinazimika na oveni inaanza kupoa. Upepo kwenye mwanya hakuna, na nikakumbuka zamani ilikuwa inavuma hata baada ya kuzima, kama dakika kumi hivi. Sijui iliacha lini.

Plagi ni ya pini tatu ya kawaida, iko nyuma ya kabati, mpaka uichomoe oveni ndiyo uifikie. Mimi nazimia kwenye breka.

Nimeangalia na LUKU pia. Nilizima kila kitu ndani nikaacha oveni peke yake, kile kitaa chekundu cha mita kikawa kinapepesa karibu kila sekunde mbili bila kupumzika. Sijui kama inasaidia.

Fundi wa Gungu, Jumanne saa 1:15 asubuhi

Inasaidia sana, wateja wangu wachache wanaofikiria hilo. Kama mita yako imeandikwa imp 1000, kila mpepeso ni sehemu ya elfu moja ya uniti. Koili ya wati 2,000 inapepesa kila sekunde 1.8. Oveni nzima ikishafika joto lake ungeona mita inakimbia, inatulia dakika moja au mbili, inakimbia tena. Yako haitulii, kwa hiyo themostati haikati kabisa.

Na kwa kuwa ukirudisha sifuri inapoa, swichi yenyewe haijagandana. Mtu akikuambia themostati "imeshoti", mwambie ingekuwa hivyo hata sifuri isingeisikia. Nashuku haisikii joto. Nitaeleza nikirudi kazini.

Mwalimu wa Sayansikimu, Kasulu, Jumanne saa 7:00 mchana

Dada kama huna kipimajoto cha oveni, tumia sukari. Sukari nyeupe safi inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja kwenye kifuniko cha bati au foili, katikati ya oveni. Weka nobu 170 uiache robo saa baada ya kupasha. Oveni ya kweli itakuachia sukari yako vilevile, kavu. Ikiyeyuka, ujue umeshapita 186 hata nobu iseme nini. Usitumie ile sukari yenye rangi ya kahawia, ina molasi ndani yake na itakudanganya. Wanafunzi wangu wanalipenda jaribio hili kwa sababu mwisho wanakula karameli.

Mwokaji wa Mwanga, Jumanne saa 11:30 jioni

Fundi naomba unisamehe, nimewasha mara moja kwa ajili ya sukari, mdogo wangu amesimama kwenye breka muda wote. Niliweka 150, sikuweka hata 170. Dakika ya nane sukari ilikuwa maji. Dakika ya kumi na mbili ilikuwa nyeusi na jikoni kumejaa moshi. Nimezima, siwashi tena.

Mtaborani, Jumanne saa 1:40 usiku

Poleni. Mimi niko Tabora, Isevya, nachangia kwa mwenye oveni ya kidijitali asije akafuata njia ya dada akapotea. Ya kwangu iliendelea kuwaka hata baada ya kuizima kwenye kioo. Kioo giza kabisa, ndani jehanamu. Njia pekee ilikuwa swichi ya ukutani.

Nilianza kupima sensa. Zangu ni za aina ya PT1000, zinasoma omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri na zinapanda kadiri joto linavyopanda, kwa chumba cha nyuzi 25 unapaswa kuona karibu 1,097. Nilipata 1,099, nikajua sensa haina kosa. Nikapima umeme kwenye miguu ya koili oveni ikiwa imezimwa, nikakuta volti 231. Hapo ni rilei, ile swichi ndogo inayowashwa na bodi, midomo yake imegandana. Bodi mpya niliambiwa bei ya kununua oveni nyingine. Fundi redio mmoja sokoni akaitoa rilei ile, akatafuta nyingine yenye volti ya kuamsha ile ile na ampea zile zile, akaichomelea. Mpaka leo inaoka.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kile alichouliza fundi: ukizima, inapoa?

Mpangaji wa Katubuka, Jumanne saa 2:05 usiku

Mimi ningeuza chuma chakavu nikanunua jiko la gesi la kusimama. Hivi vya kupachika ni vya watu wa Masaki, spea hakuna huku.

Fundi wa Gungu, Jumanne saa 3:20 usiku

Ndugu yangu wa Katubuka, dada ana oda, na nikimsikiliza naona ugonjwa wake ni wa kufungua kwa bisibisi, huenda pasinunuliwe kitu kikubwa. Nieleze sasa.

Themostati ya nobu ina sehemu tatu. Swichi iko nyuma ya nobu. Kutoka hapo kuna kirija chembamba kama unywele mnene wa shaba, kinakwenda mpaka ndani ya oveni, na mwisho wake kuna kijiti cha chuma, urefu kama wa kidole cha kati, kimeshikwa na vibanio viwili juu au pembeni mwa tumbo la oveni. Ndani ya kijiti na kirija kuna kimiminika. Oveni ikipata joto kimiminika kinatanuka, kinasukuma kiwambo nyuma ya nobu, swichi inakata. Hakuna akili nyingine hapo.

Kwa hiyo themostati inaweza kutosikia joto kwa njia mbili. Ama kirija kimekatika au kutoboka, kimiminika kimevuja, na hapo swichi itabaki imefunga maisha yake yote. Ama kijiti hakipo mahali pake. Kimechomoka kwenye vibanio kikarudi nyuma kupitia tundu lake, kimelala kwenye ile pamba ya kuzuia joto. Kule kuna ubaridi kuliko kwenye keki, themostati inadhani bado, inaendelea kuunga.

Na nikitazama historia yako, kuna mtu aliingiza mikono nyuma ya oveni miezi miwili iliyopita. Kirija hicho ukivuta nyaya bila kuangalia kinakuja nazo.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi. Oveni yako ilikuwa inazima yenyewe baada ya nusu saa. Ile si hitilafu, ile ilikuwa kinga ya joto inafanya kazi yake. Ni kisahani kidogo kama sarafu chenye waya mbili, kimefungwa juu au nyuma ya bati la oveni, kwa nje. Joto la nje likizidi kinakata umeme, likishuka kinaunga. Kilikuwa kinakata kwa sababu feni ya kupozea imekufa au kabati halipumui. Mtu akija akakutengenezea "isizime tena" bila kugusa feni, basi amekipiga dairekti, yaani ameunga waya zake pamoja umeme usipitie kwenye kisahani. Naomba iwe nimekosea.

Kijana wa Kibirizi, Jumanne saa 3:41 usiku

Fundi si kila mtu anapiga dairekti hiyo? Pasi, birika la umeme, hata friji. Spea ikikosekana mteja anataka kitu kiwake.

Fundi wa Gungu, Jumanne saa 4:00 usiku

Nami nimewahi kufanya hivyo nilipoanza kazi, na nimeacha. Pasi iko mbele ya macho yako, unaiona ikiunguza nguo. Oveni hii imezungukwa na mbao pande tano na plagi haifikiki. Themostati ikishindwa, kilichobaki kati ya koili na mbao za kabati ni kile kisahani. Nakuomba mdogo wangu, kama umekipiga dairekti kwa mtu yeyote, rudi kwake.

Mwokaji wa Mwanga, Jumatano saa 12:10 asubuhi

Sikulala vizuri. Mdogo wangu yuko VETA anasomea umeme, leo mchana anakuja na multimita yake. Tuanzie wapi?

Fundi wa Gungu, Jumatano saa 12:45 asubuhi

Zimeni breka ya jiko na main switch, mmoja wenu akae na ufunguo wa boksi. Fungueni mlango, pembeni ndani ya fremu mtaona skrubu mbili au nne zinazoishikilia kwenye kabati. Itoeni watu wawili, ni nzito, na mlango wa kioo ukiweza kutolewa uutoe kwanza. Mkishafika kwenye plagi ichomoeni ndipo mfungue bati la mgongoni. Vaeni glavu, bati linakata na pamba ile inawasha ngozi siku nzima. Pigeni picha za nyaya kabla ya kugusa waya wowote.

Pimeni koili ya mviringo. Ya wati 2,000 isome omu 26 au 27. Kisha pima kati ya mguu wa koili na bati la oveni, mita isisome kitu. Tafuteni kijiti kilipo. Tafuteni kisahani. Zungusheni feni ya juu kwa kidole.

Mwokaji wa Mwanga, Jumatano saa 2:30 usiku

Wakuu, tumefungua. Naandika mikono bado inawasha.

Koili omu 27, kwenye bati hakuna kitu, kwa hiyo nilikuwa natumwa Dar kununua kitu nilichonacho.

Kijiti hakimo ndani. Vibanio viwili vipo vitupu kwenye kona ya juu nyuma, na mimi nimekuwa nikisafisha oveni ile kila Jumapili nisijue kuna kitu kinapaswa kuwa pale. Tumekikuta nyuma kwenye pamba, kimejikunja.

Kisahani tumekiona. Waya zake mbili zimechomolewa zikaunganishwa pamoja, zikazungushiwa utepe mweusi. Utepe umeyeyuka wote, umetiririka, na kile kipande cha waya cha nyumbani walichoongezea kimebabuka ganda mpaka shaba inaonekana. Iko kama kidole kimoja kutoka kwenye bati. Harufu ilikuwa ile. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, halafu akasema dada, ulikuwa unalala na hii.

Feni ya juu haizunguki hata kwa nguvu ya kidole. Imejaa unga ulioganda na mafuta, kama saruji.

Na mgongo wa kabati umezibwa kabisa na ubao. Chini pia hakuna tundu.

Bi Mkubwa wa Ujiji, Jumatano saa 2:50 usiku

Alhamdulillah mwanangu. Keki ya harusi imekwenda, na nyumba ingekwenda vilevile.

Fundi wa Gungu, Jumatano saa 3:15 usiku

Natamani ningekuwa nimekosea. Mwambie mdogo wako: waya wa kawaida wa nyumbani, ganda lake limetengenezwa kwa joto la nyuzi 70 tu. Ndani ya oveni tunatumia waya wa ganda la silikoni au wa kusukwa kwa nyuzi za kioo, unaostahimili 180 na zaidi, na tunaunga kwa viunganishi vya kubana, siyo utepe.

Kisahani kina namba ya nyuzi imeandikwa mgongoni. Tafuta chenye namba ile ile. Usikubali kupewa kikubwa zaidi "ili kisisumbue".

Kabla hamjarudisha kijiti, kipimeni, kwa sababu huenda kirija kimevunjika kikivutwa. Hii hapa kazi ya dakika kumi. Chomoa waya za themostati, weka multimita kwenye miguu yake miwili, kwenye mlio. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza kijiti peke yake, swichi isiguse maji wala mvuke. Subiri dakika mbili. Zungusha nobu kutoka chini kwenda juu polepole. Mahali itakapoanza kulia pawe karibu na alama ya 100. Rudisha chini, iache kulia. Ikilia kila mahali bila kuacha, kimiminika kimevuja, nunua themostati.

Na kumbuka, maji ya Kigoma hayachemki kwenye 100. Ziwa letu liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye 97 na kitu. Mtaborani kwake, mita 1,200 hivi, yanachemka kwenye 96. Ukiona nobu inakata chini kidogo ya 100 usiihukumu.

Mwalimu wa Sayansikimu, Kasulu, Jumatano saa 3:40 usiku

Hili la maji naliiba nikafundishie. Sisi huku milimani tuko juu zaidi yenu.

Mwokaji wa Mwanga, Alhamisi saa 6:15 mchana

Inakata! Tumerudia mara tano. Inaanza kulia nobu ikiwa kati ya 90 na 100, ukirudisha inanyamaza. Kirija kina mkunjo mmoja ila hakijapasuka. Tumekirudisha kijiti kwenye vibanio vyake, kimesimama wima, hakigusi ukuta.

Kisahani kipya kimepatikana kwa fundi friji mmoja hapa mjini aliyekuwa nacho kwenye kopo la spea, namba ile ile, 125. Waya wa silikoni ameutoa kwenye jiko bovu akatupa bure.

Tumebaki na feni. Tulainishe na nini? Jirani amesema mawese.

Fundi wa Gungu, Alhamisi saa 6:50 mchana

Mawese hapana, dada yangu. Wala mafuta ya alizeti, wala ya kula yoyote. Mafuta ya kula yakipata joto yanageuka gundi, na sehemu kubwa ya hiyo saruji uliyoikuta ni mafuta ya kula ya miaka iliyopita. Toa feni nzima, ina skrubu chache. Mapanga yake osha kwa maji ya moto na sabuni, mota isiguse maji. Ekseli ifute kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto, iache ikauke kabisa. Kisha tone moja tu la oili ya cherehani kila upande. Pima waya za mota, isipotoa usomaji wowote, imekatika ndani, tafuta nyingine.

Oili ya cherehani nayo haidumu kwenye joto. Inakupa miezi, haikupi miaka. Ikianza kulia kama panya ujue muda wake umefika.

Seremala wa Bangwe, Alhamisi saa 8:20 mchana

Naomba nizungumzie kabati maana hili ni kosa letu maseremala. Mteja anataka kabati lionekane safi, sisi tunaziba mgongo wote. Oveni ya kupachika inavuta hewa baridi kutoka chini na nyuma, inaisukuma mbele kupitia ule mwanya. Ukiziba nyuma inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Kata ubao wa mgongo nyuma ya oveni uutoe wote, acha sentimita tano mpaka ukutani, na ubao wa chini inapokaa oveni uache nafasi upande wa nyuma. Kwenye ubao wa miguuni toboa matundu au weka wavu. Kingo zilizobanduka zibandike kwa gundi ya kustahimili joto, gundi nyeupe itaachia tena.

Plagi uitoe huko nyuma.

Fundi wa Gungu, Alhamisi saa 8:45 mchana

Seremala amesema kweli tupu. Kuhusu plagi: pini tatu mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 2,990 kwa volti 230. Soma kibandiko cha oveni. Koili mbili zikiwaka pamoja unaufikia mwisho huo kwa saa nzima, ndani ya joto. Vuta waya wake wa milimita 4 kutoka kwenye boksi, breka yake peke yake, na swichi ya jiko yenye taa pembeni ya kabati, mkono unapofika. Na ethi ihakikishwe, bati lote lile liko chini ya mikono yako yenye maji.

Mwokaji wa Mwanga, Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 2:15 usiku

Wakuu nimerudi. Kipimajoto cha oveni kimeshuka na basi kutoka Dar jana.

Feni ilikubali. Mota ilikuwa nzima, ni uchafu tu ulioishika. Inavuma, na nikizima inaendelea kuvuma kama zamani. Seremala wa mtaani amekata mgongo wa kabati. Swichi ya jiko iko ukutani, nyekundu, naiona nikiwa mlangoni.

Leo nimepasha oveni tupu saa nzima, nimeweka 180, nikaandika kila dakika tano. Kitaa cha chungwa kilizimika dakika ya kumi na nne, nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Baada ya hapo ilikuwa inapanda mpaka 196 inashuka mpaka 169, inapanda tena. Nobu naishika kwa mkono mtupu. Ila huo mpando wa 169 mpaka 196 umenitia wasiwasi, ni kawaida?

Fundi wa Gungu, Jumanne saa 2:40 usiku

Ni kawaida kabisa kwa themostati ya kirija. Inakata ikishapita kidogo na inaunga ikishashuka kidogo, keki inaonja wastani, na wastani wako ni kama 182. Ukiona wastani umehama mpaka 200 na zaidi, angalia kwanza kijiti kwenye vibanio. Kila Jumapili ukisafisha, kiguse.

Mtaborani, Jumanne saa 2:58 usiku

Sukari je?

Mwokaji wa Mwanga, Jumanne saa 3:30 usiku

Sukari nimeiweka 160, dakika ishirini. Imetoka kavu, nyeupe, nimeitia kwenye chai.

Kesho alfajiri skonsi mia moja na ishirini za stesheni. Na yule mama wa harusi nimempigia simu, nimemwambia ukweli wote, nimemwomba nimwokee keki bure siku ya kumtoa mtoto wa binti yake nje Mungu akijalia. Amesema nimletee kwanza ndogo ya kuonja.